Jumapili ya familia Ujiji

Makumbusho ya Ujiji, yaliyo kilomita chache kutoka Kigoma mjini, yanafaa kutembelewa asubuhi kabla jua halijawa kali. Hapa ndipo mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari na mvumbuzi Livingstone mwaka 1871, na mnara wa kumbukumbu umesimama karibu na miembe inayosemekana kuwa uzao wa ule uliowapa kivuli. Kilichowagusa zaidi watoto wetu, hata hivyo, ni maelezo ya njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu iliyotoka hapa, ikapita Tabora na kuishia Bagamoyo. Binti yangu aliuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake.

Mchana tulikula katika mgahawa mmoja ufukweni, ambao siutaji jina. Migebuka (samaki wa ziwani) ya kukaanga, pamoja na ugali wa muhogo, ilikuwa tamu kweli, lakini tuliisubiri kwa saa moja na nusu huku watoto wakilia njaa. Anayekwenda na wadogo afungashe vitafunio, na asiwaache peke yao majini, kwa kuwa Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani.