Virpur kwa Jalaram Bapa: nimeshiba, ila hasira bado ninazo

Nasoma Rajkot, India, na Virpur, penye hekalu la Jalaram Bapa, mtakatifu wa Wahindu, ni kilometa 50 na kitu tu. Majuzi nikaenda kwa ajili ya yule mzee wa kilemba na fimbo, ambaye picha yake ilitundikwa juu ya droo ya pesa katika duka la Kariakoo nilikokuwa nauza. Bosi hafungui mauzo kabla hajaifukizia udi. Nikasema ngoja nikamwone huyo Bapa kwake.

Sijafika hata mlangoni, jamaa kanishika mkono. "Bhai, sadaka ya Bapa." Nikatoa rupia 100. Akaitazama ile noti kama nimempa ganda la ndizi, akaanza kunifokea mbele za watu: mgeni bahili, chakula cha ndani unadhani kinatoka wapi? Kwa aibu nikaongeza 400. Mwanafunzi mimi!

Ndani tukaketi safu kwa safu, tukapakuliwa. Nikamwuliza mama mmoja, kwa Kihindi changu cha kuungaunga, kama sadaka ya 500 inatosha.

"Watoka wapi wewe?" Kiswahili! Tena cha Mombasa. Nikamwamkia mdomo umejaa.

"Marahaba. Mwanangu, hapa hawapokei hata senti tangu mwaka 2000. Umeliwa."

Jalaram na mkewe Virbai walianza kulisha kila apitaye mwaka 1820, bila kuuliza dini wala kabila. Miaka yote hiyo watu wanakula bure, mjinga wa kulipia niwe mimi!

Chakula kikanigoma kooni. Gathia (vile vitafunio vya unga wa dengu) sikuzisikia ladha. Bundi (siyo yule ndege wa uchuro, ni vile vitamu vya duara) mpakuaji aliniongezea mara tatu, na alipoona nimenuna akatia ya nne.

Mama akanionyesha fimbo na mkoba vilivyotunzwa humo. Wanasimulia kwamba mzee mmoja alimwomba Jalaram ampe mkewe akamtunze. Virbai akakubali, akaenda naye, mzee akatoweka njiani na kumwachia hivyo viwili. Mtu katoa mke, mimi nalilia mia tano. Najua. Lakini Bapa hakutukanwa barabarani!

Nilishaandika nyota moja. Sasa hekalu limenikosea nini? Tano. Nne, kwa ajili ya yule mshenzi. Aa, yeye si wa hekalu, tano.

Jumapili narudi, na mfukoni nabeba nauli tu.