Risasi za kuwindia wanyama wakubwa: anza na kichwa, kipenyo baadaye

Dukani, swali la kwanza huwa ni kipenyo, kwa inchi: .308 au .375? Mimi huanza na kichwa cha risasi, maana ndicho kinachomgusa mnyama. Bunduki kubwa yenye kichwa kibovu humwacha pofu, yule mnyama mkubwa wa pembe za msokoto, aondoke na jeraha.

Namba moja ni kichwa cha shaba tupu. Ajabu yake, kitu hiki tunakiita kwa jina la madini ya risasi, na chaguo langu la kwanza halina hata chembe ya madini hayo. Kikipiga, ncha hukunjuka kama ua, uzito hubaki karibu wote, nacho hupenya mbali. Nyama pia haiingiwi na vipande vya risasi. California imepiga marufuku kuwinda kwa risasi za madini hayo tangu Julai 2019. Kasoro ni kwamba shaba ni nyepesi, hivyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na mitutu mingine haikipendi. Kama ulizoea kichwa cha greni 180 (greni ni kipimo cha uzito) kwenye bunduki ya .30-06, ambayo kipenyo chake ni .308, jaribu 165. Nunua boksi moja kwanza, upige shabaha.

Mtutu ukikataa shaba, chukua chenye ukuta katikati. Mwindaji wa Marekani, John Nosler, alikibuni baada ya vichwa vyake kushindwa kumpenya kulungu mkubwa (moose) huko Kanada mwaka 1946: sehemu ya mbele huchanua, ya nyuma husonga mbele.

Cha kawaida, cha bei rahisi, chenye madini ya risasi ndani ya ganda jembamba la shaba, naweka mwisho. Niliwahi kukichokoa kwenye bega la pofu: ganda limekunjamana kama karatasi ya peremende, ndani hakuna kitu, mapafu hayajaguswa. Kwa swala kinatosha.

Za kijeshi zisizochanua achana nazo. Sehemu nyingi ni marufuku kuwindia.

Nyati na tembo wana sheria zao. Nchi kadhaa za Afrika hazikubali chini ya .375, kama ile .375 H&H (ya kampuni ya Holland & Holland) ya 1912 yenye kichwa cha greni 300, karibu gramu 19.4. Kwa tembo tumia kichwa kigumu kisichochanua. Utaambiwa mwindaji wa zamani W.D.M. Bell aliwaangusha mamia kwa bunduki ya kipenyo cha milimita 7. Kweli, ila alijua ubongo wa tembo ulipo kutoka kila upande. Wewe je?

Ukishachagua, nunua boksi za toleo moja. Ukibadili aina, rekebisha tena darubini kwa mita 100, hata kama uzito ni uleule.