Jeshi la mezani: angalia kitako kabla ya pointi

Malalamiko mnayoniandikia siku hizi, ninyi mnaocheza vita vya visanamu mezani, ni yaleyale: "Dada, nimenunua jeshi, sasa halichezeki." Aliyenitia uchungu zaidi ni kaka mmoja wa Leicester. Alinunua Beasts of Chaos za mtumba, wale mbuzi-watu wa Games Workshop, kampuni ya Uingereza inayotengeneza visanamu na michezo yake, zimepakwa rangi na mtu anayejua kazi yake. Aprili 2024 kampuni ikatangaza kuwa toleo la nne la kanuni za Age of Sigmar, mchezo wao, haliwataki tena. Wakapelekwa Legends, orodha ya wastaafu, wakapewa kama mwaka mmoja hivi wa kuaga. Kaka akajipa moyo: The Old World, mchezo mwingine wa kampuni hiyohiyo, inawapokea. Kweli inawapokea, ila kule wanasimama kwenye vitako, yaani visahani vya chini, vya mraba, na vya kwake ni vya duara. Aliyemuuzia aliwagandisha kwa gundi ya plastiki. Muuzaji alipoulizwa, akajibu kwamba picha zilikuwepo, mnunuzi angetazama.

Kwa hiyo leo sitawaambia habari za uzuri wa visanamu wala nguvu ya jeshi. Hayo mtayasikia kila mahali, na ya nguvu yatakuwa yamebadilika kabla rangi yako haijakauka. Warhammer 40,000, mchezo wao wa vita vya zama zijazo, ilitoa toleo la nane 2017, la tisa 2020 na la kumi 2023. Hesabu ni hiyo, miaka mitatu mitatu, na katikati pointi, yaani gharama ya kila kikosi unapopanga jeshi, zinapandishwa na kushushwa. Pointi hazinisumbui. Waraka wa pointi unapakuliwa bure, unafuta mstari mmoja kwenye orodha yako na maisha yanaendelea.

Kitako hakifutiki. Ndicho kile kisahani cha chini ambacho mnunuzi hakitazami kabisa, na katika michezo hii umbali unapimwa kutoka ukingoni mwake. Space Marines, askari maarufu wa 40,000, zamani walikaa kwenye milimita 25. Karibu 2015 wakahamia 32. Panga kumi bega kwa bega: zamani walichukua sentimita 25, leo wanachukua 32. Hizo saba zilizoongezeka ndizo zinazoamua wangapi wanamfikia adui, na kama kikosi kinaenea nyuma ya ukuta au mmoja anabaki nje apigwe risasi. Warhammer ya kale nayo ilikuwa ya mraba, ikageuzwa duara 2015 ilipoingia Age of Sigmar, kisha The Old World ikaja Januari 2024 na kurudisha mraba, lakini mkubwa zaidi: binadamu kutoka 20 hadi 25, Orcs kutoka 25 hadi 30. Mtu aliyelitunza jeshi lake la Orcs kwa upendo miaka yote hiyo naye hakupona.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa muuzaji yeyote ni gundi. Supa gluu hushikilia juu juu tu, na baridi huifanya ikatike kirahisi. Weka kisanamu kwenye friza usiku mmoja, asubuhi kizungushe polepole kwa vidole, utasikia "tak" na miguu imeachia. Gundi ya plastiki haishikilii, inayeyusha. Kiatu na kisahani vinakuwa kipande kimoja. Hapo ni msumeno mdogo, na mara nyingi vidole vya miguu vinabaki chini. Wewe unayejenga mwenyewe, mikono na vichwa vibandike kwa gundi ya plastiki, lakini chini ya nyayo tia tone la supa gluu, basi. Silaha zinazobadilishika ziwekee sumaku za milimita 3, maana silaha iliyokuwa bora toleo hili, toleo lijalo itakuwa pambo.

Sasa tununue nini?

Sifichi, mimi ni wa Mantic, kampuni nyingine ya visanamu. Namba moja yangu ni jeshi la mchezo wao, Kings of War. Kampuni iko Nottingham, mji uleule wa Games Workshop, na mwanzilishi wake Ronnie Renton aliwahi kufanya kazi Games Workshop. Kwenye mchezo huo kitako cha mtu mmoja mmoja hakipimwi. Kinachopimwa ni sinia la kikosi kizima: rejimenti ya askari wa miguu wa kibinadamu ni milimita 100 kwa 80, imeisha. Hakuna kuondoa mmoja mmoja wanapokufa. Kwenye sinia hilo pana nafasi ya ishirini, lakini ukiweka kumi na tano, ukajaza jiwe na kisiki cha mti, unacheza bila ugomvi. Hawajali visanamu vyako vimetoka kiwanda gani. Kuna hata jeshi liitwalo The Herd, na mbuzi-watu wa yule kaka watapata makazi humo bila kuomba ruhusa ya mtu. Mtaniambia nyuso za Mantic hazina ule ustadi wa uchongaji wa Games Workshop. Sawa. Mezani ninawatazama nikiwa nimesimama.

Namba mbili, kwa wanaoitaka 40,000 tu, ni Combat Patrol, boksi la jeshi dogo la kuanzia, jipya dukani. Bei inakaribia pauni 100 na inauma, lakini visahani vilivyomo ndivyo vinavyotumika leo, na wewe ndiye unayechagua gundi. Usinunue la pili kabla la kwanza halijapakwa rangi.

Namba tatu ni yale maboksi ya kufungulia toleo, kama Indomitus ya 2020 au Leviathan ya 2023, iliyouzwa pauni 150. Kwa idadi ya visanamu ni bei nzuri. Ila silaha zimeshachongwa mkononi, kubadilisha ni kukata, na walanguzi wanayafagia. Indomitus iliisha haraka mno hadi kampuni ikalazimika kupokea oda za kutengenezewa. Ukikosa siku ya kwanza, usimpe mlanguzi hela yako. Ndani yake mna majeshi mawili, hivyo watu huligawana boksi, na nusu asiyoitaka mmoja huuzwa bei ya haki.

Mtumba: ndiyo, ikiwa utaletewa picha ya chini ya vitako. Visanamu vya kuchapa kwa printa ya 3D: sawa kwa mchezo wa nyumbani, si kwa mashindano ya Games Workshop.

Kuhusu picha, niwaambie wauzaji wa mtumba. Kwa nini kila picha imepigwa kutoka juu? Mnatuonyesha mabega na mapanga, miguu imefichwa kwenye giza, halafu mnaandika "jeshi kamili, tayari kwa vita". Nikiomba milimita, napewa "saizi ya kawaida". Kawaida ya mwaka gani? Rula ya mtoto wa shule inatosha kujibu.

Na vitabu ndiyo kabisa. Codex, yaani kitabu cha kanuni za jeshi moja la 40,000, ya World Eaters ilitoka Februari 2023; Juni toleo la kumi likaingia na kanuni zake zikawa za makumbusho. Waliolipa bei kamili walipata miezi minne. Hizi za sasa zina namba ya siri ya kufungulia programu ya simu, inatumika mara moja tu, kwa hiyo ukinunua kitabu cha mtumba unapata karatasi na picha. Kitabu kiwe cha mwisho kwenye manunuzi yako. Mlioko Nairobi na Dar, kabla ya kuagiza piga kwanza hesabu ya usafirishaji na ushuru. Na pete za plastiki za kugeuza 25 kuwa 32 ni nyepesi, ziagizeni ndani ya kifurushi hichohicho.