Kebo ya siriali niliyonunua Dodoma mjini: uzoefu wangu

Nyota moja. Na hiyo moja naipa kebo, mwenye duka hana chake.

Pesa haikuniuma. Kilichoniuma ni kuambiwa, mbele ya wateja, "Dada, mtume fundi wenu aje mwenyewe, ndiye ataelewa." Fundi mwenyewe ndiye mimi! Natunza seva (kompyuta kuu) ya SACCOS yetu, ushirika wa akiba na mikopo, tangu ilipowekwa, wala sijaona fundi mwingine akipita pale zaidi ya mkandarasi mmoja ambaye nitamfikia hapa chini.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, wanachama wamejaa kwenye mabenchi wanasubiri mikopo yao. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, yupiesi (betri ya akiba ya seva) ikasalimu amri. Uliporudi moja kwa moja, feni za seva zinazunguka lakini mfumo hauji. Tundu la skrini la seva ile lilikufa siku nyingi, kwa hiyo tegemeo langu ni poti ya siriali, tundu la kutumia kusoma maandishi ya seva kwenye laptop. Huko nilishatengeneza kila kitu: kwenye GRUB, programu inayoanzisha mfumo, niliweka console=ttyS0,115200n8, yaani mfumo utume maandishi poti hiyo kwa kasi ya 115200, na BIOS, programu ya kwanza mashine ikiwaka, nayo inatuma maandishi yake poti hiyohiyo. Kasoro kebo tu, ya zamani ililiwa na panya. (Panya wa Dodoma na vumbi lake, sijui kipi kinaua vifaa haraka zaidi.)

Basi nikapanda bodaboda hadi duka moja la kompyuta katikati ya mji. Nikauziwa kebo ya siriali yenye USB upande wa laptop, pamoja na kiadapta kidogo cha nali modemu (cha kupishanisha nyaya), kimeandikwa hivyo ubavuni. Kurudi ofisini, kuchomeka: kimya.

Sasa hapa msikilize, maana ndipo hasira yangu ilipo. Kasi za kutuma zisipolingana, laptop yako 9600 na seva 115200, huwa unaona takataka, alama za ajabuajabu zinamwagika. Mimi sikuona hata nukta, hata ya BIOS. Nikachukua kipande cha waya, nikaunganisha pini ya 2 (ya kupokea) na ya 3 (ya kutuma) kwenye kichwa cha kebo, nikaandika. Kila herufi ikanirudia. Maana yake kebo ni nzima. Nikageukia kiadapta na multimita, kile kipimo cha umeme kinacholia nyaya zikiungana: pini 2 inakwenda 2, 3 inakwenda 3. Imenyooka kama reli! Kazi yote ya nali modemu ni kupishanisha hizo mbili, ili anachotuma huyu kiingie anakopokelea yule. Hicho walichoniuzia kilikuwa kiungio tu chenye maandishi ya uongo.

Nikarudi dukani na multimita mkononi. Kijana wa kaunta hakuitazama hata kidogo. "Imeandikwa nali modemu, dada. Wengine wanachukua na hawarudi." Nikamwambia tupime pamoja, dakika moja tu. Ndipo likaja lile neno la fundi, halafu akanionyesha kibao ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Akaendelea na simu yake.

Aliyeniokoa ni fundi redio wa soko la Majengo, mzee mpole. Alikuwa na vichwa viwili vya tundu vilivyochomolewa kwenye mashine ya zamani. Akalehemu nyaya tatu: 2 kwa 3, 3 kwa 2, na 5, ya ardhi, kwa 5. Alipomaliza akaniuliza ni za nini, nikamweleza, akasikiliza hadi mwisho. Ona tofauti.

Nilipochomeka, maandishi yakaja: unknown filesystem, na chini yake mwito wa dharura wa GRUB, grub rescue>. Kumbe yule mkandarasi alifuta kipande kimoja cha diski miezi ya nyuma, namba za vipande zikasogea, msdos6 ikawa msdos5, GRUB ikawa inatafuta faili zake mahali pasipo, na kwa kuwa seva haikuwahi kuzimwa tangu hapo hakuna aliyejua. Nikapekua kwa amri ya ls mpaka nikaona /boot/grub, folda ya faili hizo, ilipo, kisha nikaielekeza GRUB huko:

set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
insmod normal
normal

Menyu ikafunguka. Mfumo ulipowaka nikapiga grub-install /dev/sda, kuiweka GRUB upya kwenye diski, ili kosa lisijirudie, na mikopo ikaanza kutoka jioni ileile.

Nilisema nyota moja. Haya, kebo naipandisha hadi nne, maana chumba kile ni tanuri na mpaka leo haijapoteza herufi. Kiadapta sifuri. Duka… nilikaa kuandika kwamba msikanyage pale. Lakini ukihitaji kebo hiyo leoleo hapa Dodoma, mimi sijaiona kwingine. La sivyo ni kuagiza Kariakoo na kungoja basi huku wanachama wakikutolea macho. Nendeni, ila mbebe multimita na mpime palepale kaunta: pini 2 ya upande huu ilie na 3 ya upande ule. Isipolia, chukueni kebo peke yake, kiadapta mkaundiwe Majengo.