Chaja ya foklifti Mombasa: ipi ununue, uiweke wapi

Mtu akiniuliza chaja ya foklifti, mimi humuuliza kwanza paa la godauni lake lina matundu upande gani. Hushangaa: amekuja na bei kwenye simu, nami nataka kujua upepo unapitaje. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa haidrojeni, hasa mwishoni inapokaribia kujaa. Gesi hiyo ni nyepesi kuliko hewa, hupanda na kutuama chini ya mabati. Ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche ya swichi yatosha kuilipua. Kwa hiyo chaja na mahali pake ni ununuzi mmoja. Njia za kuchaji ni tano, nami nimezipanga hapa kuanzia iliyo bora kwa godauni la kawaida la Shimanzi au Changamwe: foklifti nne za volti 48, zamu moja kwa siku.

Ya kwanza: chaja za masafa ya juu (high frequency), moja kwa kila foklifti, chini ya banda la ubavuni

Ni ndogo, nyepesi, na hazili stima ovyo. Chukua betri ya ampea-saa 600 iliyotumika hadi kubaki asilimia 20. Kuijaza kwa chaja kuukuu ya transfoma huhitaji takriban yuniti 32. Ya masafa ya juu huimaliza kwa 28 hivi. Yuniti nne usiku mmoja si kitu, lakini zidisha kwa foklifti nne na kwa mwezi mzima, kisha utazame bili. Kwa betri hiyo tafuta chaja ya ampea 80 hadi 100. Zote nne zikiwaka pamoja hufikia kilowati 25, kwa hiyo mwite fundi wa umeme mwenye leseni akague fezi tatu zako kabla hujalipa amana, si baada ya mzigo kushushwa.

Banda ndilo linaloipa njia hii nafasi ya kwanza. Paa la kuzuia mvua, pande mbili wazi, na Mombasa tuna bahati: kaskazi ikiondoka kusi inaingia, hewa haisimami. Kama huna nafasi nje, piga hesabu. Kanuni ya viwango vya Ulaya ni 0.05 mara idadi ya seli mara ampea za mwisho wa chaji. Betri ya volti 48 ina seli 24. Ikimalizia kwa ampea 30 unapata mita za ujazo 36 za hewa kwa saa, na betri nne 144. Kwa kanuni hiyo hiyo, upepo wa kawaida bila feni huhitaji tundu la kuingizia na la kutolea, kila moja sentimita za mraba 28 kwa kila mita ya ujazo ya hewa hiyo ya saa. Kwa betri nne hiyo ni kama dirisha la sentimita 64 kwa 64 chini ukutani, na jingine kama hilo juu kabisa, ukuta wa pili. Nimeona watu wakiweka yote mawili chini, eti wezi. Weka nondo, lakini la juu libaki juu.

Chaja ifungwe ubavuni mwa betri, kamwe si juu yake. Kifuniko cha chumba cha betri kiwe wazi wakati wa kuchaji. Na opareta azime chaja kabla ya kuchomoa plagi. Akiichomoa ikiwa inafanya kazi, cheche huruka palepale penye gesi.

Ya pili: lithiamu

Ukiwa na zamu mbili au tatu, ipandishe iwe ya kwanza. Huchajiwa hata wakati wa chai, haiongezwi maji, na kwa kawaida haitoi haidrojeni. Betri ya asidi hutaka saa nane za kazi, nane za kuchaji na nane za kupoa, na joto letu haliisaidii. Ila lithiamu ni ghali mno, huhitaji chaja yake maalumu, na ni nyepesi. Wepesi huo ni hasara, maana uzito wa betri ndio unaoizuia foklifti isibinuke. Soma kibati cha mashine kinataja uzito gani wa chini wa betri, na umwambie muuzaji afidie kwa vyuma.

Ya tatu: betri za akiba za kubadilisha

Betri moja hukaribia tani au kuzidi. Bila winchi na roli za kuisukumia, usianze.

Ya nne: chaja iliyokuja na mashine kutoka Japani

Mitumba mingi inayoshuka Kilindini huja na chaja ndani yake ya volti 200, nasi tuna 415. Utanunua transfoma ya kushusha. Kwa mashine moja sawa, kwa nne hapana.

Ya mwisho: chaja za mtumba za Marekani

Nilinunua mbili kwa bei ya kutupa. Zilinguruma usiku kucha, zikachemka, na asubuhi betri zilikuwa nusu. Ni za transfoma zilizotengenezewa stima ya herzi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, na yetu ni 50. Aina hiyo hutegemea herzi ili ifanye kazi. Muuzaji alijua, au hakujua, sijaamua hadi leo.

Usibane pesa kwenye bomba la kuoshea macho. Liwe hatua chache tu kutoka kwenye betri, na liweze kutiririka dakika 15 mfululizo. Weka ndoo ya magadi ya kumwagia asidi ikimwagika, glavu, na kinga ya uso. Maji ya betri yaongezwe baada ya kuchaji, la sivyo yatafurika na asidi.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama atachukua betri zako kuukuu na zinakwenda kwa nani. Wakazi wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, waliathiriwa na sumu ya risasi, madini yaliyomo kwenye betri za asidi, kutoka kiwanda cha kuyeyushia betri, na mwaka 2020 mahakama iliagiza walipwe shilingi bilioni 1.3. Akikujibu kwamba kuna kijana wa mkokoteni atapita kuzichukua, tafuta muuzaji mwingine.