Panya wa banda la kuku: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Ingia duka lolote hapa Zanzibar, Darajani au Chake Chake, sema una panya, utapewa sumu. Ni kitu kidogo, hakina maelezo mengi, na mnunuzi mwenyewe ndicho alichokuja nacho kichwani. Kwa mwenye kuku uani, mbuzi wawili na gunia la pumba barazani, mimi sumu naiweka karibu na mkia. Mpangilio wangu unaanza na kitu ambacho hakiuzwi kama dawa ya panya kabisa.

La kwanza ni pipa. La bati, au la plastiki nene, lenye kifuniko kinachobana. Panya mkubwa hula gramu 15 hadi 30 kwa siku. Wakiwa ishirini, hiyo ni kama nusu kilo kila usiku, kilo 15 kwa mwezi, na bado hujahesabu wanachokikojolea. Gunia likiegemezwa ukutani, hata ukitega mitego kumi, wewe unawafuga. Dumu la plastiki nyembamba usilitegemee, hutafunwa. Pipa la mtumba lililobeba kemikali liache huko huko, hata likiuzwa bei ya kutupa.

Pipa likishapatikana, vyombo vya kulia kuku viondolewe kabla ya Maghrib. Kuku wakishapanda kulala, kilichobaki sahanini ni cha panya. Machicha ya nazi nayo yatoe kiasi cha kwisha siku hiyo hiyo, maana hakuna harufu inayowaita kama hiyo.

La pili ni wavu wa nusu inchi. Hapa watu wengi hupoteza pesa. Waya wa kuku wenye matundu ya pembe sita huzuia kuku asitoke, lakini panya mchanga anapenya bila kuinamisha kichwa. Taka wavu uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, uliopakwa zinki. Ukiwa na wale panya wadogo wa nyumbani, shuka hadi robo inchi. Bei yake itakuuma, kwa hiyo usivishe banda zima: zungushia sehemu ya chini, ziba matundu, funika madirisha.

Chini ya ardhi panya huchimba. Pemba, kwenye udongo wa vilima, fukia wavu kiasi cha sentimita 30. Upande wa Makunduchi na Jambiani, kusini mwa Unguja, ambako jembe linagonga mawe, huwezi kufukia. Ulaze juu ya ardhi, ukunje kutoka ukutani kwenda nje, uukandamize kwa mawe. Panya huanza kuchimba pale ukuta unapogusa ardhi, akikuta waya hajui kurudi nyuma hatua mbili. Na kama banda limeezekwa makuti, tazama juu pia. Tawi la mwembe au kuti la mnazi likigusa paa, wavu wote wa chini haukusaidii kitu.

La tatu ni mtego wa kubana, na huu ndio ninaoupendelea kati ya vitu vya kuua. Unaua papo hapo, unaona ulichokamata, na paka wa jirani haponzwi na sumu. Nunua wa ukubwa wa panya, si ule mdogo wa kipanya, ambao panya mkubwa huuburura akaondoka nao. Uujaribu dukani kwa kijiti: ufyatuke kwa kuguswa kidogo, na ubane kwa nguvu. Wa mbao hufura wakati wa masika na springi yake hushika kutu kwa hewa ya bahari. Mafuta kidogo yanausogeza mbele, lakini wa plastiki ngumu yenye meno hudumu zaidi kwetu.

Usinunue mmoja. Nunua sita au zaidi, utege usiku mmoja. Panya ni mwoga wa kitu kigeni, kwa hiyo siku chache za mwanzo weka chambo bila kutega, wale wazoee. Chambo ni nazi iliyochomwa kidogo motoni, au kipande cha papa mkavu kilichofungwa kwa uzi ili asikichukue na kuondoka. Mtego ukae kando ya ukuta, upande wa chambo uelekee ukutani, na juu yake funika kwa bati au mawe mawili ili kuku asitie mguu. Mzoga usishikwe kwa mkono mtupu. Mkojo wa panya hubeba ugonjwa wa leptospira, unaowapata watu na mifugo pia. Vaa glovu au mfuko wa plastiki, kisha fukia.

Mtego wa kizimba unafaa pale penye vifaranga na watoto wadogo. Tatizo ni asubuhi yake: unabaki na panya hai anayekutazama. Kumwachia mbali ni kumpelekea mtu mwingine mzigo wako.

Paka hanunuliwi, lakini ana nafasi yake hapa. Huwamudu panya wachanga na vipanya. Panya dume mzima wengi humkwepa. Mlishe, maana paka mwenye njaa huhama, haongezi bidii. Na vifaranga vyako mfiche.

Sumu sasa. Ukilazimika, chukua vibonge vya nta, si punje. Punje huota ukungu kwa unyevu wetu, na kuku huzidonoa. Vibonge viwekwe ndani ya kisanduku kinachofungwa. Nyingi ya hizi huzuia damu kuganda, na panya hufa baada ya siku kadhaa. Hapo ndipo mtu husema "haifanyi kazi" akamwaga nyingine. Paka au bundi akimla panya huyo, naye huweza kudhurika, basi chagua: paka au sumu. Mtu akiila sumu hiyo, dawa yake ipo, vitamini K, lakini hutolewa hospitali. Nenda na pakiti mkononi. Unga wa kijivu cheusi wenye harufu ya kitunguu saumu ni zinki fosfidi, na huo hauna dawa ya kuuzima. Kipakiti kisicho na lebo, ambacho muuzaji anakwambia tu "ni kali sana", kiache mezani.

Kabla ya hayo yote hakikisha unayemwinda ni panya. Kirukanjia mwenye pua ndefu na harufu kali hula zaidi mende na wadudu. Mwache.

Gundi ya kunasia panya sinunui. Panya tumeruhusiwa kumuua, ni katika wale watano wanaouawa hata ndani ya Haram, lakini tumeamrishwa pia kuua kwa wema, na kiumbe kulia usiku kucha juu ya kadibodi si wema. Tena hunasa mijusi na vifaranga.

Kidude cha kuchomeka kwenye umeme, kinachodaiwa kutoa mlio wa kuwafukuza, kinashika mkia. Panya huuzoea, na sauti yake haipenyi ukuta wala gunia. Muuzaji akikisifia, muulize kama dukani kwake amekichomeka.