Kujogi Malindi, kutoka jeti mpaka Casuarina

Mimi ni mtu wa Mombasa, nakimbia mara tatu kwa wiki, na nilipoenda Malindi Januari nilibeba raba makusudi maana nilishasikia kuna njia tamu inayopita mji wa kale halafu inatokea ufuoni. Nimeikimbia asubuhi mbili na hizo asubuhi mbili hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza nililipia kijana wa kuniongoza. Tukaahidiana saa kumi na moja unusu, akatokea saa mbili kasorobo jua linawaka. Mjini alinipitisha vizuri lazima niseme, tulianzia jeti, maji upande ule yana rangi ya chai ya maziwa kwa ajili ya tope la mto Sabaki linaloletwa na kaskazi, tukapita Msikiti wa Ijumaa na makaburi yake ya mnara, tukafika kanisa dogo la Wareno. Hapo nilisimama kabisa. Kuta nyeupe nene, paa la makuti, ndani hapatoshi hata watu wa matatu moja, na nje makaburi. Padri Francis Xavier alitua Malindi 1542 akielekea India, na kijumba kile bado kimesimama! Mbele zaidi ndiyo nguzo ya Vasco da Gama kwenye ncha ya mwamba, msalaba wake wa jiwe lililotoka Ureno. Sisi Mombasa tulimkataa huyo mtu 1498, mfalme wa Malindi akampokea na kumpa rubani wa kumfikisha India, sasa ukisimama pale jasho linakutoka na upepo unakupiga hayo mambo yanakuingia vingine kuliko vile ya darasani.

Shida ilikuja ufuo wa Silversand. Saa tatu na nusu maji yameshapanda, mchanga mgumu wote umefunikwa, tukabaki kukimbia kwenye mchanga mkavu miguu inazama mpaka vifundoni. Kilomita moja tu mapaja yanawaka, tukarudi, na hela nimetoa yote. Kijana ana adabu na historia anaijua, lakini ukikimbiza watu ufuoni kujua maji ndiyo kazi yenyewe jamani.

Jioni nikamwamkia mzee mmoja mvuvi pale jeti nikamuuliza. Akaangalia bahari kidogo. "Mwanangu, kesho yapwa mpaka saa moja hivi ndiyo yaanze kujaa. Toka mapema."

Saa kumi na mbili nikatoka peke yangu. Kanisa na nguzo geti bado zimefungwa saa hizo kwa hiyo unaviona kwa nje tu, pale kwenye nguzo rudi barabarani maana chini ni majabali, kisha shukia ufuoni. Mchanga ulikuwa mgumu kama sakafu na mpana, kaa wanakimbilia mashimoni mbele yako, mivinje upande wa kulia inavuma, nilikwenda bila kuhisi miguu mpaka Casuarina, karibu na geti la hifadhi ya bahari, ile ya tangu 1968. Kuingia ndani ni kwa tiketi, nikageuzia hapo.

Njia nyota tano, kuongozwa nyota mbili. Vaa suruali ndefu maana unapita misikitini na watu wanatoka kuswali, wasalimie. Na jioni kabla ya kulala ulizia maji, wavuvi wa jeti wanakwambia bure.